Aliyeshika Mkia Akapata Jina

MAFUNZO YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Somo la kusoma, kuhesabu na kufikiri

Nawasalimu nyote, akina baba na akina mama, na leo hasa nawasalimu wanafunzi wa Nduruma, huko chini ya Mlima Meru, mnaotoka shambani na mferejini na bado mnapata nguvu ya kushika kalamu.

Maneno ya somo hili yamepigwa chapa ili wewe uliyeyasikia redioni uweze kuyasoma tena polepole, mstari kwa mstari. Neno likikushinda, usisimame. Lipige alama, endelea mbele, halafu mwulize mwalimu au jirani yako. Kalamu na karatasi viwe karibu, kwa sababu leo tutapiga hesabu kidogo.

JAMBO LENYEWE

Huenda mwanao au mjukuu wako amepata kukuonyesha katika simu picha fupi ya mtu anayekimbia. Giza limeingia. Mguu wake umefungwa bendeji. Anachechemea, anatembea kidogo, kisha anajikaza tena kukimbia. Watu wachache waliobaki uwanjani wanampigia makofi kana kwamba yeye ndiye mshindi.

Mtu huyo si mshindi. Yeye ndiye aliyeshika mkia. Lakini picha yake inatazamwa Marekani, Uchina, India na Ulaya, na watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku ile. Aliacha mashindano zamani, na jina lake bado linakimbia. Jambo hili linatokeaje? Nalo lina faida au hatari gani kwetu sisi tunaojifunza kusoma? Hayo ndiyo maswali yetu ya leo.

MTU MWENYEWE NI NANI?

Jina lake ni John Stephen Akhwari. Alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Siku hizi Mbulu imo katika Mkoa wa Manyara, lakini mkoa huo ulianzishwa mwaka 2002 tu. Kabla ya hapo Mbulu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Kwa hiyo ninyi watu wa Nduruma mwaweza kusema bila kujigamba kwamba huyu ni mtu wa mkoa wenu wa zamani.

Mwaka 1968 Tanzania ilimpeleka kwenye Michezo ya Olimpiki katika mji wa Mexico. Alikwenda kukimbia mbio za marathoni. Marathoni ni mbio ndefu za barabarani, zenye urefu wa kilomita 42 na mita 195. Ili upate kuelewa urefu huo, fikiri juu ya mtu atokaye Nduruma mpaka mjini Arusha na kurudi, kisha akaambiwa kwamba safari bado.

Tena mji wa Mexico uko juu sana. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mexico uko mita 2,240. Wale waliopata kuwachukulia wageni mizigo Mlima Meru wanakijua kibanda cha Miriakamba, ambacho kipo kama mita 2,500. Basi mbio zile zilikimbiwa karibu na kimo cha Miriakamba, mahali ambapo pumzi huwa fupi.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 20 Oktoba, 1968. Wakimbiaji zaidi ya 70 walianza. Njiani misuli ya Akhwari ilikaza kwa sababu ya hewa nyepesi ya mahali pale. Halafu, walipofika kama kilomita 19, wakimbiaji walisongamana wakigombea nafasi, naye akaanguka. Goti lake liliumia vibaya na bega lake likagonga barabara. Akafungwa bendeji, akasimama, akaendelea.

Si yeye peke yake aliyeteseka siku ile. Hata Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio hizo Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964, aliumwa mguu akaacha njiani. Mwishoni waliofika walikuwa 57 tu. Wa kwanza alikuwa Mamo Wolde, naye pia wa Ethiopia, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa pili alikuwa Kenji Kimihara wa Japani, kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 31.

Akhwari alifika kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa na watu wengi walikuwa wamekwenda zao.

Chukua kalamu. Toa saa za Mamo Wolde katika saa za Akhwari. Ukipata saa 1, dakika 5 na sekunde 1, umepata sawa. Katika muda kama huo mama aweza kupika ugali na mboga, watoto wakala, na vyombo vikaoshwa. Muda wote huo yeye alikuwa bado barabarani na goti lake bovu.

Lakini usidhani kwamba alikuwa mkimbiaji dhaifu. Mwaka 1970, huko Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Barabara hazikuwa sawa, wala hewa haikuwa sawa, hivyo hatuwezi kuzilinganisha mbio hizo mbili moja kwa moja. Lakini saa zake za Edinburgh zilikuwa fupi kuliko zile alizoshindia Mamo Wolde kule Mexico. Mtu anayesema Akhwari ni maarufu kwa kuwa alikuwa mbovu, hajui habari zake.

JINA LILISAFIRI KWA NJIA GANI?

Mwaka 1968 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya televisheni vilianza huku Bara mwaka 1994. Watu wetu walipata habari kwa redio na kwa gazeti. Lakini Mexico kulikuwa na wapiga picha wengi. Habari zilipofika kwamba bado yuko mkimbiaji mmoja barabarani, wapiga picha walitumwa kumpokea. Kama wapiga picha hao wangalikuwa wamekwenda kulala, huenda leo tusingelizungumza habari hii. Shikeni jambo hilo: kitu hukumbukwa sana pale alipokuwapo mtu wa kukiandika au kukipiga picha.

Baadaye Mmarekani mmoja, Bud Greenspan, aliyetengeneza filamu nyingi za Olimpiki, alikitia kisa hiki katika filamu zake. Filamu zikaonyeshwa kwenye televisheni za nchi nyingi. Akhwari mwenyewe alitunukiwa nishani ya heshima na taifa mwaka 1983. Mwaka 2000 alialikwa kwenye Olimpiki ya Sydney. Mwaka 2008, mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam ukielekea Michezo ya Beijing, yeye alikuwa mmoja wa walioushika.

Kisha ikaja intaneti. Intaneti ni mtandao mkubwa unaoziunganisha simu na kompyuta za dunia nzima, ili picha na maandishi yapite kati yao. Mwaka 2005 ulianzishwa YouTube, mahali katika intaneti ambapo mtu yeyote aweza kuweka picha zinazotembea na mtu yeyote akazitazama. Watu wakachukua vipande vya filamu zile za zamani, wakaviweka humo. Tangu hapo Akhwari hangoji tena miaka minne mpaka Olimpiki nyingine. Anakimbia kila siku, saa yoyote, katika simu ya yeyote mwenye bando.

MASHINE HUFANYAJE KAZI?

Wengi huuliza, “Mbona sikuitafuta picha hii, nayo imenijia yenyewe?”

Ninyi wa Nduruma mnajua mfereji. Maji ya mtoni huingizwa mferejini, na mtu mwenye zamu hufungua mlango maji yaende shamba hili au lile. Sasa fikiri juu ya mfereji ambao mlango wake haushikwi na mtu, ila mashine. Mashine hiyo haijali shamba la nani lina haki. Inatazama jambo moja tu: ni wapi maji yanakunywewa upesi? Hapo ndipo inapofungua zaidi.

Ndivyo ilivyo kwa picha za simu. Watu wakiitazama picha fulani mpaka mwisho, wakaipenda, wakawatumia wenzao, mashine huandika hesabu. Kisha huipeleka picha hiyo kwa watu wengine wanaofanana nao. Wale nao wakiitazama, inapelekwa mbali zaidi. Haiulizi kama picha ni ya kweli au ya uongo. Haiulizi kama ni ya leo au ya mwaka 1968.

Chini ya picha utaona tarakimu. Zisome vizuri. Kama zimeandikwa 1,000,000, maana yake ni kwamba picha imefunguliwa mara milioni moja. Si lazima iwe watu milioni moja. Mtu mmoja akiitazama mara kumi, aweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Tena tarakimu hiyo haisemi kwamba jambo ni la kweli. Soko likijaa watu tunajua kwamba watu wamekuja, lakini hatujui kama kila nyanya ni nzima.

KWA NINI APENDWE WA MWISHO?

Hapa mashine haiwezi kutujibu. Jibu limo katika moyo wa mtu.

Mshindi tunamsifu, lakini wengi wetu hatujapata kuwa wa kwanza duniani. Kuumia njiani, kila mtu anakujua. Kuna mkulima aliyepanda mara mbili kwa sababu mvua ya kwanza ilimdanganya. Kuna mama aliyefiwa na mumewe akasomesha watoto peke yake. Mtu kama huyo akimwona Akhwari anachechemea kuingia uwanjani, hahitaji mkalimani.

Wajapani nao wanaye mtu wao wa namna hii. Jina lake ni Shizo Kanakuri. Mwaka 1912 alikimbia marathoni ya Olimpiki huko Stockholm, katika nchi ya Uswidi. Joto lilikuwa kali, nguvu zikamwishia, akaacha njiani na kurudi kwao bila kuwaarifu wakubwa wa mashindano. Wao wakamwandika kuwa amepotea. Mwaka 1967, akiwa mzee wa miaka 75, Waswidi walimwalika arudi Stockholm amalize mbio zake. Akaenda, akakata utepe. Wakamwandikia muda wake: miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20. Habari hii nayo huzunguka sana katika simu, na watu huicheka kwa mapenzi. Lakini nyumbani kwake Kanakuri hakuwa kichekesho. Wajapani humwita baba wa marathoni ya Japani.

Akhwari na Kanakuri waliacha mbio zamani. Hakuna aliyevunja rekodi kwa habari ile iliyompa jina. Kila mmoja anakumbukwa kwa namna alivyomaliza.

MANENO HUBADILIKA NJIANI

Sasa tufike mahali ambapo msomaji lazima afungue macho.

Husimuliwa kwamba Akhwari aliulizwa kwa nini hakuacha, hali ameumia vile. Naye akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aende kuanza mashindano, ilimtuma akayamalize. Ni jibu zuri sana. Lakini ukiyatafuta maneno hayo katika intaneti utayakuta kwa namna nyingi. Hapa yameandikwa maili 5,000, pale 7,000, pengine 10,000.

Tupige hesabu. Maili moja ni kama kilomita 1 na nusu na kidogo zaidi, tuseme 1.6. Maili 5,000 mara 1.6 ni kilomita 8,000. Lakini kutoka Dar es Salaam mpaka mji wa Mexico, kwa njia iliyonyooka angani, ni zaidi ya kilomita 15,000, yaani kama maili 9,500. Kwa hiyo maili 5,000 ni kidogo mno, na maili 10,000 ni karibu zaidi na kweli.

Je, tuseme kwamba habari yote ni uongo? La. Mbio ni za kweli, goti ni la kweli, na muda wake umeandikwa. Mtu aliyechoka, aulizwapo swali, hapimi dunia kwa kamba. Na wanaosimulia baada yake hubadili tarakimu, kila mmoja kwa apendavyo. Msomaji mzuri hukubali kiini cha habari na bado akaiuliza tarakimu. Hapo ndipo tofauti kati ya kusoma na kutamka herufi tu.

JINA SI FEDHA

Watu wengine hudhani kwamba mtu akitazamwa mara nyingi katika simu, basi fedha zinamiminika mfukoni mwake. Sivyo. Katika YouTube, fedha hutoka kwa matangazo ya biashara, na fungu hupewa yule aliyeweka picha, kama ametimiza masharti yao. Mtu anayeonekana katika picha ni mwingine. Mchezaji wa zamani aweza kujulikana dunia nzima na bado akalima shamba lake kama wewe. Kwa hiyo msiwaonee wivu wazee wetu wa michezo kwa mali msiyoiona. Waheshimuni, na pale wanapofundisha vijana, wasaidieni. Akhwari naye jina lake limepewa taasisi ya kusaidia wanariadha.

Kuna hatari nyingine, na hii inagusa mfuko wako mwenyewe. Jina likiwa kubwa, walaghai hulitumia. Mnayajua maneno ya “ile pesa itume kwa namba hii.” Basi siku moja simu yaweza kukuletea picha ya mwanariadha mzee, na chini yake maneno kwamba ni mgonjwa, tuma shilingi elfu tano kwa namba fulani. Picha ni ya kweli, mtu ni wa kweli, machozi yako ni ya kweli. Namba tu ndiyo ya mwizi.

Kabla ya kutuma, soma na ujiulize mambo manne.

Kwanza, nani ameandika? Kama hana jina wala mahali, ngoja.

Pili, lini? Tafuta tarehe. Habari ya miaka kumi iliyopita huzungushwa kana kwamba ni ya leo. Hata habari za vifo huzushwa hivyo, na mtu angali hai anakunywa chai.

Tatu, je, redio au gazeti linalojulikana limesema vivyo hivyo?

Nne, ninaombwa kufanya upesi? Mwenye haja ya kweli hukupa nafasi ya kuuliza. Mlaghai hukuharakisha.

Mtu asiyejua kusoma hulazimika kumpa mwingine simu amsomee, na pamoja na simu humpa siri yake na fedha zake. Wewe unayesoma ukurasa huu umekwisha kujikomboa kwa kiasi hicho. Hiyo si faida ndogo.

NENO LA MWISHO KABLA YA MASWALI

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wengi waliingia darasani wakiwa na mvi. Baadhi yao walichekwa na watoto wao, kama wewe huenda ulivyochekwa. Darasani kwenu Nduruma najua wako walioacha. Wengine kilimo kiliwabana, wengine waliona haya kwa kuwa wenzao wanasoma upesi zaidi. Siwalaumu. Hata Abebe Bikila aliacha siku ile, naye alikuwa bingwa. Lakini mlango wa darasa haufungwi jua likichwa. Mkimwona mmoja wao sokoni Tengeru au njiani, mwambieni kwamba nafasi yake ingalipo, na kwamba hakuna atakayemwuliza alikuwa wapi.

MASWALI

Jibu kwa sentensi kamili katika daftari lako.

1. Akhwari alizaliwa wapi, na mwaka gani?

2. Kenji Kimihara wa Japani alifika dakika ngapi na sekunde ngapi baada ya Mamo Wolde?

3. Edinburgh mwaka 1970, Akhwari alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Toa muda huo katika ule wa Mexico. Umepata nini?

4. Picha imetazamwa mara 250,000. Je, hiyo ni lazima iwe watu 250,000? Eleza.

5. Maili 7,000 ni kama kilomita ngapi?

6. Taja mambo manne ya kujiuliza kabla ya kutuma fedha kwa ajili ya habari uliyoipata katika simu.

7. Andika mistari mitano juu ya mtu wa kijijini kwenu aliyemaliza jambo gumu baada ya wenzake wote. Jina lake usiliandike kama hakukupa ruhusa. Mwalimu atawasomea darasa zima yatakayoandikwa.

Majibu ya swali la 2, la 3 na la 5 tutayasahihisha pamoja katika somo lijalo, hivyo njooni na madaftari. Kwaherini, ndugu wanafunzi.